Kalamu na Karamu: Sauti za Kigeni katika Nchi ya Kilosa na Mikumi

Mwaka 1871, wakati wa masika, Henry Morton Stanley alipita katika tambarare ya Mkata akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone. Maji yalikuwa yamefunika njia, wapagazi walitembea ndani ya matope, na punda walizama. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 alizieleza taabu hizo kwa kirefu. Walakini jina la tambarare yenyewe hakuliandika kama wenyeji walivyolitamka. Aliandika Makata. Kinywa kilichozoea Kiingereza hakianzi neno kwa m na k zilizofuatana, na mara nyingi sikio hufuata kinywa. Kwa hiyo irabu moja ilitiwa katikati ili jina lipate kutamkika. Mto Mkondoa, upitao Kilosa, nao akauandika Mukondokwa.

Haikupita miaka mia moja kabla watoto wa tambarare ile ile hawajaketi darasani wakiambiwa waseme neno la Kiingereza "school". Wengine walisema "sikuli". Nao pia walitia irabu moja kati ya konsonanti mbili, kwa sababu ile ile, na kwa njia ile ile. Lakini aliyeandika Makata aliitwa msafiri mashuhuri, na aliyesema "sikuli" aliitwa mjinga. Kosa ni moja, hukumu ni mbili. Mtu atakaye kuzijua habari za matamshi ya Kiingereza katika nchi ya Kilosa na Mikumi hana budi kuanzia hapo, maana habari hizi si za ulimi peke yake. Ni habari za watu waliokuja, za nguvu waliyokuja nayo, na za yule aliyetakiwa kukigeuza kinywa chake.

Nchi hii ina lugha zake. Milimani wako Wasagara na Wakaguru. Kusini, kuelekea mto Ruaha, wako Wavidunda. Na jirani zao upande wa mashariki ni Waluguru. Majina hayo yenyewe yatosha kuwa somo. Wakaguru huitwa pia Wakagulu, Wasagara huitwa Wasagala, na Waluguru wameandikwa mara nyingine Waruguru. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu katika makundi mwaka 1948, aliandika Kagulu na Sagala, kwa l. Msomaji asidhani kuwa mmoja amekosea na mwingine amepata. Sababu ni kwamba lugha nyingi za sehemu hizi hazitumii l na r kupambanua neno na neno. Ulimi huweza kugonga mahali pa l, au mahali pa r, au kati ya hizo mbili, na maana isibadilike. Wageni wa pwani waliposikia sauti hiyo wakaisikia kuwa r, nao wenyewe walipotaja jina lao wakataja l.

Wataalamu wa lugha za Kibantu wameonyesha kuwa hali hii ni ya asili. Kiswahili chenyewe kimepata sehemu kubwa ya r zake kwa maneno yaliyovuka bahari, kama vile bahari, habari na safari. Sauti hiyo ilipokwisha kukaa katika lugha, ikawa na kazi ya kutenga maana. Kalamu ni chombo cha kuandikia, na karamu ni chakula cha sherehe. Mahali ni pale mtu alipo, na mahari ni mali ya kuolea. Mtu hula ugali, lakini hupiga kura. Kwa mtu wa Unguja au wa Bagamoyo mambo haya hayana taabu, kwa kuwa alizaliwa nayo. Kwa mtu aliyejifunza Kikaguru au Kisagara kifuani kwa mama yake, na Kiswahili baadaye, kalamu na karamu zilikuwa somo la kwanza la sauti ngeni, kabla ya Kiingereza kufika.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa th na dh. Sauti hizi ziliingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu: thelathini, themanini, thamani, hadithi, dhahabu, dhambi, adhabu, fedha. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita katika nchi hii, ikifuata bonde la Mkondoa, na pamoja na nguo na shanga ikaleta Kiswahili. Walakini neno lilipopanda milima aghalabu liliacha th yake njiani. Thelathini ikawa selasini, dhahabu ikawa zahabu, fedha ikawa feza. Maneno yakaeleweka, biashara ikafanyika, wala hapakuwa na hasara kubwa ila mahali pachache. Dhana ni wazo la akilini na zana ni chombo cha kazi. Thamani ni kima cha kitu na samani ni vyombo vya nyumbani. Asemaye selasini huzichanganya dhana na zana bila kujua.

Watu wa Ulaya waliokuja kukaa, tofauti na wasafiri waliopita, walilazimika kwanza kuwa wanafunzi. Mamboya, kaskazini ya Kilosa, wamisionari wa Kiingereza wa chama cha CMS walikuwa wamefungua kituo chao, na huko mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikaa J. T. Last. Mwaka 1885 alichapisha kitabu cha maneno na sentensi 250 katika lugha 48 za sehemu hizi za Afrika, na mwaka 1886 akatoa sarufi ya Kikaguru. Yafaa kumfikiri mtu huyu ameketi na wenyeji, akiwaomba warudie neno mara ya pili na ya tatu, akijaribu kulisema, na pengine akisahihishwa na watoto. Katika miaka ile wenyeji ndio waliokuwa waalimu wa matamshi, na Mwingereza ndiye aliyekuwa na ulimi mzito.

Hali hiyo haikudumu. Novemba 1884 Carl Peters alifika Usagara na hati zake, na miongoni mwa watawala waliotia alama katika hati hizo alikuwa Mangungo wa Msovero, mahali palipo katika wilaya ya Kilosa. Hati iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo mtawala yule hakuijua sauti yake wala herufi zake. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaziwekea ulinzi wake nchi zilizotajwa katika hati hizo. Hata jina la mahali pale halikusalimika: vitabu vingi husema Msovero, na wengine huandika Msowero, na herufi moja ya w, ambayo Mjerumani huisoma v na Mwingereza huisoma w, yatosha kulikoroga jina la kijiji. Kwa watu wa Kilosa, basi, tangu mwanzo sauti ya mgeni haikuwa mchezo wa ulimi. Aliyeifahamu alifahamu ardhi inakwenda wapi.

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Utawala wao ulitumia Kiswahili katika shule na ofisi, wala haukuwataka watu wengi wajifunze Kijerumani. Maneno machache tu yalibaki, kama shule, na hela iliyotokana na jina la sarafu yao. Katika maneno hayo waona jinsi Kiswahili kilivyofanya kazi yake ya kawaida: kila neno huishia kwa irabu, na silabi zote zimefunguka. Wajerumani wenyewe walikuwa na taabu ya th kama watu wa milimani, maana Kijerumani hakina sauti hiyo.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliichukua Kilosa, na Kiingereza kikaja sasa kikiwa lugha ya watawala. Kilifika kwanza masikioni mwa wafanya kazi kabla ya kufika machoni mwa wanafunzi. Kilosa na Kimamba kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na watu waliletwa kutoka mbali kwa mkataba. Kila mmoja alipewa namba yake, na kwa neno hilo la Kiingereza wote wakaitwa manamba. Neno hilo liliingia katika Kiswahili bila taabu yo yote, na sababu yaonekana wazi: mb ni sauti ya nyumbani, yumo katika mbuzi, mbegu na shamba. Lakini "driver" ana d na r zilizoshikana, basi akawa dereva. "Club" ikawa kilabu, na mara watu wakasema vilabu, kana kwamba neno lilikuwa la ukoo wa kitabu na vitabu. "Cupboard" ikawa kabati. Ule ubati wa juu ya gurudumu uitwao "mudguard" ukawa madigadi, na mtu aliyeona ma mwanzoni akadai kuwa moja yake ni digadi.

Mambo haya husimuliwa mara nyingi kwa kucheka. Yatazamwe vema, yataonekana kuwa ni kanuni. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Konsonanti mbili zikikutana pasipo ruhusa ya lugha, irabu hutiwa kati yake. Na irabu yenyewe haichaguliwi ovyo, bali mara nyingi hufuata jirani yake. Mtu asiyekuwa na kanuni kinywani angesema neno moja kwa namna kumi. Msemaji wa Kilosa alisema dereva, na msemaji wa Tanga akasema dereva, bila ya kushauriana. Isitoshe, kanuni zenyewe hupanuka. Unguja husema skuli, na bara husema stesheni na springi. Konsonanti ambazo zamani zilitengwa kwa irabu sasa zakaa pamoja kwa amani. Ulimi hujifunza, ila kwa muda wake.

Darasani muda huo haukutolewa. Katika shule za wakati wa Waingereza Kiswahili kilifundishia madarasa ya chini, na Kiingereza kikashika madarasa ya juu. Mlango wa kutoka darasa hili kwenda lile ulikuwa mwembamba, na Kiingereza ndicho kilichosimama mlangoni. Mwanafunzi aliyesema "sank" alipotaka kusema "thank" aligeuza shukrani kuwa kuzama. Aliyesema "mouse" alipotaka kusema "mouth" aligeuza mdomo kuwa panya. Na aliyesema "lice" mahali pa "rice" aliweka chawa katika sahani ya wali. Wenzake walicheka, na yeye akanyamaza. Hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Mtoto aliyecheka na kurudia hujifunza. Mtoto aliyenyamaza huacha kuuliza, na akiacha kuuliza katika somo la Kiingereza ataacha kuuliza katika hesabu na jiografia pia, kwa kuwa masomo hayo nayo yako ndani ya Kiingereza.

Jambo la kumpima mtu kwa konsonanti ni la kale. Kitabu cha Waamuzi, katika sura ya 12, chaeleza jinsi watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya Yordani, na kila mtu aliyetaka kuvuka akaambiwa aseme Shibolethi. Mwefraimu hakuwa na sh, akasema Sibolethi, na kwa kosa hilo akauawa. Darasani hapakuwa na upanga. Walakini kivuko kilikuwepo, na wako watoto waliobaki ng'ambo kwa sauti moja, ilhali akili zao zilikuwa timamu.

Kwa upande wa pili, ofisa wa Kiingereza aliyepelekwa bomani alitakiwa kufanya mtihani wa Kiswahili. Huko alikutana na ng'ombe. Kiingereza kina sauti ya ng' mwishoni mwa neno, kama katika "sing", lakini hakina hata neno moja linaloanza nayo. Wala hakianzi neno kwa mb au nd. Ofisa yule alisema "nigombe", au "gombe", na karani wake alielewa, akainama juu ya karatasi zake. Mcheka kilema hafi hakijamfika. Tofauti ni kwamba kosa la ofisa lilipunguza alama za mtihani wake, na kosa la mtoto lilipunguza maisha yake.

Mwaka 1964 Mikumi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Katika miaka hiyo hiyo tawi la reli lilijengwa kutoka Kilosa hadi Mikumi na kuendelea hadi Kidatu, na baadaye barabara kuu iendayo Zambia ikatiwa lami, ikikata katikati ya hifadhi. Mahali palipopewa jina la miti ya mikumi pakawa kituo cha magari na cha wageni. Ile tambarare ya Mkata, ambamo Stanley alisumbuka, sasa wageni huja kwa hiari yao kuiona pamoja na nyati, tembo na twiga wake. Hivyo Kiingereza kikapata kazi nyingine. Hakikuwa tena lugha ya mtihani tu, bali chombo cha riziki cha mwongoza wageni. Naye akitaka kusema nyasi husema "grass", na r ikiteleza kuwa l, nyasi zimekuwa kioo. Akitaka kusema simba watatu husema "three lions", na th ikigeuka t, mgeni huinua macho kumtafuta simba juu ya mti. Kosa kama hilo halimvunjii mtu heshima, lakini mahali penye wanyama wakali yafaa maneno yafike kama yalivyotumwa.

Wako wasemao kwamba shughuli yote hii ya matamshi ni utumwa wa mawazo. Husema kuwa Waingereza wenyewe hawasemi namna moja: watu wengi wa London husema f mahali pa th, na watu wengi wa Ireland husema t, wala hakuna awatiaye ujinga. Hoja hii ina ukweli mwingi, na yapaswa kukubaliwa nusu yake. Lafudhi ni jambo moja, na upambanuzi wa sauti ni jambo jingine. Mtu wa Kilosa hana deni la kusema kama mtu wa London. Mwendo wa sauti yake, uzito wa silabi zake, na irabu zake zilizo wazi ni mali yake, na Kiingereza chake kitafahamika pamoja nazo. Lakini palipo na maneno mawili, masikio ya msikilizaji yahitaji kusikia mawili. Hili si sharti la Kiingereza tu. Mtu akitangaza kwamba watu waende kupiga kula, Kiswahili nacho kitamdai.

Hapo ndipo ulipo ufunguo, nao haukutoka Ulaya. Mwalimu aliyehangaika kufundisha th ya "three" kana kwamba ni sauti isiyopata kusikika Afrika alikuwa na sauti hiyo hiyo katika neno thelathini. Kiingereza na Kiarabu si lugha za ukoo mmoja, walakini zimekutana katika sauti hii, na Kiswahili kimeirithi kwa Kiarabu. Ncha ya ulimi huwekwa kati ya meno ya juu na ya chini, na pumzi hupita: hiyo ni th ya thamani, na ndiyo ya "thin". Ulimi ukibaki pale pale na koo likatetema, imekuwa dh ya dhahabu, na ndiyo ya "then". Vivyo hivyo l ya kalamu hugusa ufizi wa juu, na pumzi hutoka ubavuni. R ya karamu hugonga na kuachia. Na r ya Kiingereza huinua ncha ya ulimi bila kugusa popote. Mwanafunzi aliyekwisha kutenga kalamu na karamu amekwisha kwenda nusu ya safari ya kutenga "glass" na "grass". Sauti zisizo na mlango katika Kiswahili ni chache, kama ile iliyo katikati ya "measure", na hizo ndizo zinazostahili kufundishwa kama ugeni.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki lugha ya kufundishia shule za sekondari. Tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande mpaka sekondari, lakini shauri hilo halikutekelezwa. Katika mabishano marefu yaliyofuata, lugha hizi mbili zimezungumzwa kama mahasimu, kana kwamba kila saa inayopewa moja imeibwa kwa nyingine. Habari za Kilosa na Mikumi zaonyesha kinyume chake, angalau katika jambo la sauti. Mwalimu anayesikia selasini katika somo la Kiswahili akaiacha ipite, kisha akamkemea mtoto yule yule kwa "sree" katika somo la Kiingereza, anadai mavuno mahali ambapo hakupanda. Samaki mkunje angali mbichi: dhana na zana, thamani na samani, mahali na mahari, zikitengwa mapema katika lugha ambayo mtoto haionei hofu, zitamngoja pale Kiingereza kitakapokuja.

Tena mtoto huyo aambiwe habari za Stanley. Ajue kwamba katika tambarare aionayo kila siku alipita mtu aliyeandika vitabu vikubwa, na ambaye hakuweza kulisema jina la Mkata. Akijua hivyo atafahamu kwamba taabu ya kinywa chake haikutoka katika akili yake wala katika kabila lake, bali humpata kila mtu avukaye mpaka wa lugha. Na asiyeona aibu kurudia neno mara ya pili na ya tatu, kama Last alivyorudia Kikaguru kule Mamboya, atavuka.